Maswali ya Wasomaji: Tangazo Linapopotosha Bila Kusema Uongo

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu jambo moja kwa sura mbalimbali: mtu ameona tangazo, ameliamini, amelipa, kisha amekuta alichopata sicho alichoahidiwa. Tumechagua chache ambazo majibu yake yanaweza kumfaa msomaji yeyote, popote alipo. Nchi hutofautiana katika muda wa kudai, ada na majina ya vyombo vinavyosimamia, lakini misingi inafanana kuliko wengi wanavyodhani. Sababu moja ni kwamba nchi nyingi zilipotunga sheria zao zilikuwa na Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya Kumlinda Mlaji, iliyopitishwa mwaka 1985 na kupitiwa upya mwaka 2015.

Ndugu mwanasheria, nilivutiwa na tangazo la kifurushi cha intaneti ya nyumbani lililoandika bei ya mwezi kwa herufi kubwa. Nilipokwenda kujiunga niliambiwa ni lazima nichukue pia laini ya simu ya mezani na nilipe ada ya kufungiwa mitambo, na jumla ikapita mara mbili ya bei ile. Nilipolalamika, nilionyeshwa maandishi madogo chini ya tangazo nikaambiwa kosa ni langu kwa kutosoma. Je, nina haki yoyote?

Unayo, na hoja ya kwamba ungesoma maandishi madogo ina nguvu ndogo kuliko wauzaji wanavyopenda uamini. Sheria haipimi tangazo neno kwa neno kama mwalimu anayesahihisha imla. Inauliza swali jingine: mtu wa kawaida aliyelengwa na tangazo hili, akiliona kama watu wanavyoona matangazo, yaani kwa haraka na huku akishughulika na mambo mengine, ataondoka akiamini nini? Ikiwa anachoamini si kweli, na imani hiyo inaweza kumsukuma kufanya uamuzi wa kununua ambao vinginevyo asingeufanya, basi tangazo limepotosha, hata kama hakuna sentensi ndani yake ambayo ukiitenga peke yake utaiona ya uongo.

Iko kesi ya Australia inayofanana na yako karibu kwa kila kitu. Kampuni ya TPG ilitangaza intaneti isiyo na kikomo kwa dola 29.99 kwa mwezi, kwa maandishi makubwa ya kung'aa, ilhali huduma hiyo ilipatikana kwa yule tu aliyekubali kulipa dola 30 nyingine kila mwezi kwa ajili ya simu ya mezani. Sharti hilo, pamoja na ada ya kuunganishwa, liliandikwa kwa herufi zisizovuta jicho. Mahakama ya rufani iliiona kampuni kuwa na hoja, kwa kuwa watu wanajua huduma hizi mara nyingi huuzwa pamoja, na ikapunguza faini kutoka dola milioni 2 hadi dola 50,000. Mwaka 2013 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ilitengua uamuzi huo. Ilisema kinachohesabika ni ujumbe mkuu wa tangazo, ikairudisha faini ya dola milioni 2, na ikaongeza jambo ambalo msomaji wetu alishike sana: haimwokoi muuzaji kwamba mteja angeujua ukweli kabla ya kusaini, kwa sababu kufikia hapo amekwisha kuvutwa na imani ya uongo mpaka mlangoni kwake, na hiyo peke yake ni faida ambayo washindani wake waaminifu hawakuipata.

Kuna dhana nyingine inayowavunja moyo walalamikaji, kwamba ni lazima wathibitishe muuzaji alikusudia kudanganya. Kwa kawaida hawadaiwi hivyo katika madai ya kiraia yanayotokana na sheria za kumlinda mlaji. Nia inaweza kuongeza uzito wa adhabu, au kulifanya kosa kuwa la jinai, lakini tangazo huwa la kupotosha kwa athari yake. Kunyamaza nako huhesabiwa. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2005 kuhusu mienendo isiyo ya haki katika biashara inahesabu kuwa ni upotoshaji kuficha taarifa ya maana, au kuitoa kwa namna isiyoeleweka, au kuitoa kwa kuchelewa, pale ambapo mnunuzi aliihitaji ili aamue.

Sasa utende nini? Ipige picha nakala ya tangazo leo, kabla halijabadilishwa. Kama lilikuwa mtandaoni, hifadhi picha ya skrini inayoonyesha tarehe na anwani ya ukurasa. Andika barua fupi kwa kampuni ukieleza tangazo lilisema nini, ukaelewa nini, na unataka nini. Usitarajie, hata hivyo, kwamba utalazimisha uuziwe kwa bei ile ya herufi kubwa, kwa maana katika mifumo mingi ya sheria tangazo huchukuliwa kuwa ni mwaliko tu wa kufanya biashara. Haki yako iliyo imara zaidi ni kujitoa katika mkataba, kurudishiwa fedha na kufidiwa hasara. Wakikupuuza, peleka malalamiko kwa chombo cha umma kinachosimamia ushindani au haki za walaji. Tanzania kazi hiyo ni ya Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Kenya ina Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012, ambayo imetokana na agizo la ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 kwamba Bunge litunge sheria ya kumlinda mlaji na ya kuhakikisha matangazo ni ya haki, ya kweli na yenye staha. Nchi nyingine nyingi zina chombo cha namna hiyo kwa jina jingine.

Duka la mtandaoni ninalolitembelea huonyesha punguzo la nusu bei kila ninapoingia, pamoja na saa inayohesabu kurudi nyuma. Saa ikifika sifuri huanza upya. Je, huo ni ujanja wa biashara tu au ni kosa?

Ni kosa katika nchi nyingi. Anayetangaza punguzo anatoa dai kuhusu jambo lililokwisha kupita, kwamba bidhaa hii iliuzwa kwa bei ya juu, kwa kweli na kwa muda wa kueleweka, na dai hilo laweza kuchunguzwa kama dai lingine lolote. Miongozo ya Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani inataka bei ya zamani iwe bei halisi ambayo bidhaa ilitolewa sokoni kwa nia njema, si bei iliyobandikwa ili ikatwe. Umoja wa Ulaya uliona maneno ya jumla hayatoshi, ukaweka kipimo: tangu tarehe 28 Mei 2022, muuzaji anayetangaza punguzo hutakiwa kuonyesha bei ya chini kabisa aliyouzia bidhaa hiyo katika siku zisizopungua 30 zilizotangulia. Ni kanuni ninayoipenda kwa urahisi wake, maana haihitaji mabishano kuhusu nia ya mtu.

Saa yako ni mbaya zaidi kuliko punguzo lenyewe. Kudai kwa uongo kwamba ofa itadumu kwa muda mfupi tu, ili kumnyima mnunuzi nafasi ya kufikiri na kulinganisha, kumo katika orodha ya mienendo ambayo sheria ya Ulaya inaikataza moja kwa moja, bila kuhitaji ushahidi kwamba kuna mtu aliyeathirika.

Nilinunua dawa ya kupunguza mwili iliyotangazwa kwa picha za watu kabla na baada ya kuitumia, na ushuhuda mwingi wa wateja. Haikunisaidia hata kidogo. Muuzaji ananiambia nithibitishe kwamba haifanyi kazi. Nitathibitishaje mimi, nisiye daktari?

Muuzaji anageuza mambo juu chini, na inafaa nieleze kwa urefu kidogo, kwa sababu sheria yenyewe ilichukua muda kufika ilipo. Mwaka 1931 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua shauri la kampuni ya Raladam, iliyouza dawa ya kupunguza unene iitwayo Marmola. Tume ya Shirikisho ya Biashara ilikuwa imeyazuia matangazo yake; mahakama ikaiondoa amri hiyo, si kwa kuwa matangazo yalikuwa ya kweli, bali kwa kuwa haikuonyeshwa kwamba wauzaji washindani waliumizwa. Mnunuzi aliyemeza dawa hakuwa na nafasi katika hesabu hiyo, kwa maana sheria ya mwaka 1914 iliyoiunda tume ilihusu ushindani. Bunge la nchi hiyo lilirekebisha sheria mwaka 1938, likakataza matendo ya biashara yanayodanganya au yasiyo ya haki kwa jinsi yalivyo, awe ameumia mshindani au mnunuzi.

Kuhusu ushahidi, hatua kubwa ilikuja mwaka 1972 katika shauri la kampuni ya Pfizer lililohusu dawa ya ngozi iliyoungua kwa jua. Tume ilisema kwamba anayetangaza dai la uhakika juu ya bidhaa anapaswa kuwa na msingi wa kuridhisha wa dai hilo kabla ya kulitangaza. Kutokuwa nao ni kosa linalojitegemea. Ulaya imefika hapo kwa njia yake: mahakama au mamlaka inaweza kumtaka mfanyabiashara alete ushahidi wa madai yake, na asipouleta, au ukiwa haufai, dai lihesabiwe kuwa si sahihi. Kwa hiyo swali la kumwandikia muuzaji wako ni hili: dai hili ulilijengea juu ya utafiti gani, na naweza kuuona wapi? Mwenye majibu huyaleta. Asiye nayo huanza kuzungumzia wateja wengine walioridhika.

Ushuhuda huo nao una masharti yake. Kwa miaka mingi wauzaji walionyesha mtu mmoja aliyepungua kupita kiasi, kisha wakaandika kwa udogo kwamba matokeo yanaweza kutofautiana. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2009 uliufunga mlango huo: anayetumia ushuhuda wa matokeo yasiyo ya kawaida aeleze waziwazi matokeo ambayo watu wengi wanaweza kuyatarajia. Mwaka 2024 tume hiyo ilipitisha kanuni inayokataza kuuza au kununua maoni bandia ya wateja, yakiwemo yale yanayotungwa na programu za kompyuta. Nakushauri uyasome tena maoni uliyoyaamini, uangalie tarehe zake. Maoni mengi ya sifa yaliyoandikwa siku moja, kwa maneno yanayofanana, yanafaa kuwekwa katika faili la malalamiko yako.

Wasomaji hutuuliza kama kulalamika kuna faida pale hasara ya mtu mmoja ni ndogo. Kuna faida, kwa sababu mamlaka hukusanya malalamiko madogo mpaka yakawa shauri kubwa. Mwaka 2012 kampuni ya viatu ya Skechers ilikubali kulipa dola milioni 40 kumaliza madai kwamba ilitangaza bila ushahidi wa kutosha kuwa viatu vyake vya Shape-ups hupunguza uzito na kuimarisha misuli, na wanunuzi wakapata nafasi ya kurudishiwa fedha. Wakati mwingine amri huenda mbali zaidi ya fedha. Mwaka 1977 mahakama ya rufani ya Marekani iliunga mkono agizo kwamba waliokuwa wakitengeneza dawa ya kusukutua ya Listerine, ambayo kwa miongo mingi ilitangazwa kuwa huzuia mafua, waseme ndani ya matangazo yao wenyewe kwamba haizuii mafua, mpaka wawe wametumia dola milioni 10 katika matangazo hayo. Hoja ilikuwa kwamba uongo uliorudiwa miaka mingi haufi kwa kuacha tu kuurudia.

Jambo moja la mwisho: bidhaa inayodai kutibu mwili kwa kawaida huangukia pia mikononi mwa mamlaka ya dawa. Peleka nakala huko vilevile, na uache kuitumia.

Kampuni ya sabuni inajiita "bora kuliko zote duniani". Haiwezekani kila kampuni iwe bora kuliko zote. Kwa nini sheria inanyamaza?

Kwa sababu hakuna anayeweza kuyapima maneno hayo, na sheria inaamini kwamba mnunuzi mwenye akili timamu huyachukulia kama majigambo. Mpaka kati ya majigambo na ahadi umechorwa vizuri na kesi mbili zilizoachana kwa zaidi ya miaka 100. Katika ya kwanza, kampuni ya Carbolic Smoke Ball ya Uingereza ilitangaza mwaka 1891 kwamba itamlipa pauni 100 yeyote atakayeugua mafua makali baada ya kutumia kifaa chake cha kuvuta mvuke wa dawa mara tatu kwa siku kwa majuma mawili, na kwamba imeweka pauni 1,000 benki kuonyesha haina mzaha. Bi Louisa Carlill alikitumia kama ilivyoelekezwa, akaugua Januari 1892, akadai. Kampuni ilijitetea kwamba yale yalikuwa maneno ya tangazo tu. Mahakama ya Rufani iliamuru alipwe: kiasi kilitajwa, masharti yalitajwa, na fedha ziliwekwa benki.

Katika kesi ya pili, iliyoamuliwa New York mwaka 1999, mtu mmoja aliidai Pepsi ndege ya kivita ya Harrier, kwa kuwa tangazo la televisheni lilimwonyesha mwanafunzi akitua nayo shuleni na kuitaja thamani yake kuwa pointi milioni 7, yaani zile ambazo wanywaji wa Pepsi walizikusanya ili kupata zawadi. Mdai alituma hundi ya karibu dola 700,000 kununua pointi hizo. Ndege yenyewe iligharimu takriban dola milioni 23. Mahakama ilisema hakuna mtu makini ambaye angelichukulia tangazo lile kuwa ahadi ya kweli.

Kwa sabuni yako, basi, "bora kuliko zote" litapita. Lakini ikiandikwa kwamba huua asilimia 99.9 ya vijidudu, hapo kuna namba, na namba hudaiwa ushahidi. Madai ya jumla kama "rafiki wa mazingira" yalikaa katikati kwa muda mrefu. Sheria ya Ulaya iliyopitishwa mwaka 2024 imeyaingiza, yasipothibitishwa, katika orodha ya yanayokatazwa moja kwa moja. Naona walichelewa.

Kijana alikuja nyumbani kwa mama yangu mzee kumuuzia mashine ya kusafisha maji. Alikaa saa nyingi, akakataa kuondoka alipoombwa, na mwisho akamwambia kwamba asipouza hata moja siku hiyo atafukuzwa kazi. Mama alimwonea huruma akasaini. Sasa anajuta. Je, tumechelewa?

Pengine hamjachelewa, ila msipoteze siku. Mauzo ya nyumbani yana sheria zake mahususi, kwa sababu mtu aliye sebuleni kwake hawezi kutoka dukani na kwenda zake. Marekani humpa mnunuzi siku 3 za kazi kuufuta mkataba wa namna hii bila kutoa sababu. Umoja wa Ulaya hutoa siku 14, na ikiwa muuzaji hakumweleza mnunuzi haki hiyo, muda huongezeka kwa miezi 12. Soma mkataba uone kama haki ya kujitoa imetajwa, kisha angalia sheria ya nchi yako inaupa muda gani. Barua ya kujitoa iandikwe kwa jina la mama, itumwe kwa njia inayoacha alama ya tarehe, na mashine isiendelee kutumiwa. Kama ilinunuliwa kwa mkopo, mkopeshaji naye apewe nakala siku hiyohiyo.

Hata muda wa kujitoa ukiwa umepita, alivyotenda kijana huyo kunaweza kuubatilisha mkataba. Mambo mawili uliyoyataja, kukataa kuondoka nyumbani kwa mtu alipoombwa na kumwambia mnunuzi kwamba ajira ya muuzaji iko hatarini asiponunua, yameandikwa moja moja katika orodha ya Ulaya ya mienendo ya kushurutisha inayokatazwa daima. Yalipataje kuingia katika orodha? Bila shaka kwa sababu hufundishwa na kurudiwa. Umri wa mama nao una uzito, kwani tendo linalolenga kundi lililo rahisi kuathirika, kwa umri, maradhi au wepesi wa kuamini, hupimwa kwa jicho la mtu wa kawaida wa kundi hilo. Mwombe mama akusimulie yaliyosemwa, na uyaandike sasa, maneno yangali mabichi kichwani mwake.

Mimi ni muuzaji mdogo wa vipodozi mtandaoni. Maelezo ya bidhaa ninayanakili kutoka kwa mtengenezaji, na humlipa mtu mwenye wafuasi wengi azisifu. Kwenye risiti nimeandika "mali ikishauzwa hairudishwi". Je, niko salama?

Nashukuru kwa swali hili, maana ni nadra kuulizwa na upande wa pili. Maelezo unayoyanakili huwa madai yako mara unapoyachapisha chini ya jina la duka lako. Sheria kadhaa humkinga muuzaji aliyechukua tahadhari ya kutosha, lakini kunakili peke yake si tahadhari. Mwandikie mtengenezaji akupe ushahidi wa kila dai lenye namba au la kitabibu, na lile asilolithibitisha liondoe.

Kuhusu mtu unayemlipa, wafuasi wake wanapaswa kujua kwamba amelipwa, na wajue mwanzoni mwa chapisho, kwa neno la wazi kama "tangazo", si kwa kifupisho kilichofichwa mwishoni. Asiseme ametumia krimu ambayo hajaigusa. Wajibu huu ni wenu nyote wawili, na ni vizuri uuweke katika makubaliano yenu ya maandishi.

Maneno yaliyo kwenye risiti hayakulindi, na katika baadhi ya nchi, Australia ikiwa mojawapo, kuyabandika ni kosa, kwa kuwa yanamdanganya mnunuzi kwamba hana haki ambayo sheria imekwisha kumpa. Una uhuru, kwa kawaida, wa kukataa kupokea bidhaa nzima kutoka kwa mtu aliyenunua dukani kisha akabadili mawazo tu. Aliyenunua kwa mtandao, kama ilivyo kwa wateja wako, mara nyingi ana siku zake za kujitoa, ingawa kipodozi kilichofunguliwa muhuri huweza kuwekwa kando kwa sababu za afya na usafi. Lakini bidhaa yenye kasoro, au isiyolingana na maelezo uliyoyatangaza, utaipokea na kurudisha fedha, risiti iseme lisemalo. Andika badala yake masharti hayo yalivyo, pamoja na anwani ambayo mteja ataitumia kukupata.